Dakika tatu za alfajiri zinazoamua uhai wa pikipiki

Kila ifikapo Juni na Julai, wakazi wa Njombe, Makete na maeneo ya juu ya Mbeya na Iringa huamkia baridi kali. Katika baadhi ya mabonde ya Makete nyasi huwa nyeupe kwa sakitu kabla jua halijachomoza. Ni katika saa hizo ambapo mfugaji anataka maziwa yake yafike kituo cha kukusanyia, mwenye viazi mviringo anamwahi mnunuzi wa lori, na mama mwenye genge anataka mboga zifike sokoni kabla wateja hawajatawanyika. Na ni katika saa hizo hizo pikipiki hugoma kuwaka.

Kinachofuata kinajulikana na kila mtu. Dereva hupiga kiki mara kumi, mara ishirini. Ikishindikana huisukuma mteremkoni. Inapowaka hupiga resi mpaka mtaa mzima uamke, hufunga madumu ya maziwa nyuma, kisha huondoka mbio kufidia muda uliopotea. Kwa wengi hilo ni jambo dogo la kiufundi, la kuachiwa dereva na fundi wake. La hasha. Hilo ni jambo la uchumi, na linamgusa mkulima moja kwa moja, kwa sababu pikipiki inapolala gereji mazao nayo hulala shambani, na maziwa hayasubiri.

Pikipiki zinazozungumzwa hapa ni zile za kabureta, ambazo ndizo zimebeba uchumi wa vijiji kwa miaka mingi. Nyingi kati ya zile za Kichina zenye injini ya ukubwa wa cc 125 zinafuata muundo wa Honda CG125, uliotoka mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo barabara ni mbovu na matengenezo ni haba. Ni injini vumilivu. Lakini uvumilivu una mwisho wake, na mwisho huo huanza kuandikwa alfajiri.

Kinachotokea ndani ya injini

Usiku kucha oili huteremka kutoka sehemu za juu za injini na kutulia chini. Baridi huifanya iwe nzito kama asali. Injini inapowaka, huchukua muda kidogo kabla oili haijapanda na kufika kila mahali inapohitajika. Katika muda huo vyuma husuguana vikiwa na ulainisho hafifu. Ndiyo maana mafundi hukubaliana kwamba sehemu kubwa ya uchakavu wa injini hutokea wakati wa kuwasha na kabla injini haijapata moto.

Petroli nayo ina tabia yake. Haiwaki ikiwa majimaji, bali ikiwa imegeuka mvuke na kuchanganyika na hewa. Kukiwa na baridi, mvuke huo hupatikana kwa shida. Hapo ndipo choki inapohitajika. Katika kabureta nyingi choki huziba njia ya hewa ili mafuta yaingie kwa wingi kuliko kawaida, na hivyo mvuke mdogo uliopo utoshe kushika moto.

Hata hivyo choki ikiachwa muda mrefu hugeuka sumu. Mafuta ya ziada ambayo hayakuungua huosha oili kwenye kuta za silinda, kisha huchuruzika hadi kwenye oili yenyewe na kuifanya nyepesi. Ringi za pistoni husaga chuma kikavu. Plagi huwa nyeusi kwa masizi. Baada ya miezi kadhaa pikipiki huanza kutoa moshi wa buluu, ishara kwamba oili inaungua, na dereva husema amenunua pikipiki mbovu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Njombe mjini ni takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Dar es Salaam. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani humimina mafuta yale yale kwenye hewa iliyopungua. Matokeo yake ni moshi mweusi, nguvu kupungua mlimani na mafuta kuisha haraka. Kwa hiyo mwendeshaji wa nyanda za juu anaihitaji choki kwa sababu ya baridi, lakini anatakiwa kuiondoa mapema kuliko anavyodhani. Aidha, fundi mzoefu anaweza kufunga jeti ndogo zaidi, yaani kile kitundu cha shaba kinachopimia mafuta ndani ya kabureta.

Namna ya kuiamsha

Utaratibu wenyewe hauhitaji elimu ya chuo. Kwanza dereva hufungua koki ya mafuta na kufunga choki. Kwa kuwa upande wa kusukumia hutofautiana kati ya pikipiki na pikipiki, ni lazima aujue wa kwake. Kabla ya kuzungusha ufunguo hupiga kiki mbili au tatu taratibu, ili mafuta yavutwe ndani na oili ianze kusogea. Ndipo hufungua ufunguo na kupiga kiki moja ya nguvu hadi mwisho, bila kugusa mkono wa mafuta. Kosa la wengi ni kuuzungusha mkono huo huku wakipiga kiki. Katika baadhi ya kabureta za zamani kufanya hivyo huifanya choki isifanye kazi kabisa.

Ikishawaka, huachwa ingurume yenyewe bila resi. Baada ya nusu dakika hadi dakika moja choki hurudishwa nusu, na baada ya dakika moja au mbili nyingine hufunguliwa yote. Kipimo ni rahisi: dereva akizungusha mafuta kidogo na injini ikaitika bila kukohoa wala kuzima, choki haina kazi tena.

Muda huo wa kusubiri si wa bure. Ni wakati wa kukagua tairi, mnyororo, breki na taa, na kufunga mzigo vizuri. Kabla ya kuingiza gia ya kwanza ni vyema kushika klachi na kuisogeza pikipiki mbele na nyuma, kwa sababu oili nzito hugandisha sahani za klachi na pikipiki huweza kuruka ghafla na mzigo wake. Kilometa mbili za kwanza ziendwe taratibu, bila kuifungulia mafuta mpaka mwisho. Injini inayopozwa kwa upepo hupata moto vizuri zaidi ikitembea polepole kuliko ikisimama. Kuiacha ingurume robo saa ni kuchoma mafuta ovyo.

Kama pikipiki imekunywa mafuta kupita kiasi na harufu ya petroli imetapakaa, dawa si kuongeza choki. Choki hufunguliwa, mkono wa mafuta huzungushwa hadi mwisho, na kiki hupigwa mara kadhaa ili hewa isafishe silinda. Isipowaka, plagi hufunguliwa na kukaushwa.

Si kila kugoma kunatokana na baridi. Petroli ya kwenye chupa kando ya barabara mara nyingine huwa na maji, nayo maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya bakuli la kabureta. Kuna skrubu pale chini ya kuyamwagia. Mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa nayo hutoa mvuke kwa shida, na pikipiki iliyonyweshwa mchanganyiko huo huwa ya kwanza kugoma asubuhi. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchakachuaji, lakini mwenye pikipiki bado anawajibika kujua ananunua wapi.

Makosa yanayoua

Yapo mambo mawili yasiyofaa kufanyiwa mzaha. La kwanza ni kuweka jiko la mkaa chini ya injini ili kuipasha. Kabureta inayovuja tone moja inatosha kuteketeza pikipiki na nyumba.

La pili ni kuwasha pikipiki ndani. Kwa kuogopa wezi, vijana wengi hulaza pikipiki chumbani au kwenye stoo iliyoungana na nyumba, na kukiwa na baridi huiwasha humo humo mlango ukiwa umefungwa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na choki ikiwa imefungwa sumu hiyo huwa nyingi zaidi. Aliyelala huweza asiamke. Pikipiki itolewe nje kwanza, ndipo iwashwe.

Nani analipa?

Ikiwa utaratibu ni mwepesi hivyo, kwa nini haufuatwi? Jibu la haraka ni kwamba vijana hawana nidhamu. Jibu hilo linawafurahisha wamiliki, lakini halitoshi. Jibu la kweli limo ndani ya makubaliano baina ya mwenye pikipiki na dereva.

Dereva wa hesabu hupeleka kiasi maalumu kila siku, na kinachobaki ndicho chake. Kila dakika anayoipoteza alfajiri ni abiria aliyechukuliwa na mwenzake. Injini ikifa, ni ya tajiri. Katika hali hiyo, kupiga resi na kuondoka mbio si ujinga, ni hesabu sahihi kwa upande wake. Mwenye pikipiki naye, kwa kuwa hayupo alfajiri, huona fedha za jioni tu na kuamini mali yake iko salama. Dereva wa mkataba, anayelipa kidogo kidogo mpaka pikipiki iwe yake, ana hasara kubwa zaidi asipokuwa mwangalifu: siku anapokabidhiwa kadi ya umiliki, injini aliyoichosha ndiyo anayoirithi.

Zichukuliwe hesabu za mfano. Dakika tatu kila asubuhi kwa siku 300 ni dakika 900, sawa na saa 15 kwa mwaka mzima. Injini ikifunguliwa kubadilishwa pistoni na ringi, tuseme pikipiki inalala gereji siku nne. Kama hesabu ni Sh8,000 kwa siku, mmiliki amepoteza Sh32,000 kabla hajanunua spea wala kumlipa fundi. Dereva amekosa riziki siku nne, na wateja wake wamehamia kwa mwingine. Mfugaji aliyekuwa akimtegemea amekosa usafiri wa maziwa. Saa 15 za subira ni bei nafuu kuliko hayo yote.

La kufanya

Wamiliki na madereva wanaweza kuliondoa tatizo hili bila kusubiri msaada wa mtu. Katika kila hesabu ya siku itengwe Sh500 kwa ajili ya mfuko wa injini. Kwa siku 300 hiyo ni Sh150,000. Fedha hizo zinunue oili, plagi na chujio la hewa kwa wakati, na kitakachobaki mwisho wa mwaka kigawanywe nusu kwa nusu kati ya mwenye mali na dereva. Kuanzia hapo kijana atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kusubiri dakika tatu, kwa kuwa injini nzima ni fedha mfukoni mwake.

Wapo watakaosema dereva atadanganya. Ili kuzuia hilo, fundi mmoja aliyekubaliwa na pande zote aikague injini kila baada ya miezi mitatu: rangi ya moshi, rangi ya plagi, nafasi za valvu na hali ya oili. Matokeo yaandikwe. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari.

Vyama vya akiba na mikopo vinavyokopesha pikipiki navyo vina wajibu. Mkopo hulipwa na injini inayofanya kazi, hivyo saa moja ya mafunzo ya kuwasha na kutunza ni dhamana kama zilivyo dhamana nyingine. Wauzaji nao watoe ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili, ukitaja oili inayofaa baridi. Namba iliyo kabla ya herufi W kwenye chupa ya oili ikiwa ndogo, oili huwahi kutiririka asubuhi. Kwa hiyo penye baridi kali 10W-40 huwahi kuliko 20W-50, mradi kitabu cha pikipiki kinairuhusu.

Vikundi vya wafugaji navyo vijitazame. Kundi linalompangia dereva muda usiowezekana, kisha linamkata fedha kwa kuchelewa dakika tano, linamlazimisha aiue pikipiki inayobeba maziwa yake. Ratiba ikiacha nafasi ya injini kupata moto, mfugaji hapotezi kitu.

Wengine watasema suala hili litajimaliza pikipiki za kisasa zisizo na kabureta zikienea. Inawezekana. Lakini mkulima wa Makete hasafirishi viazi kwa pikipiki ya kesho. Anasafirisha kwa iliyopo, ambayo fundi wa kijijini anaweza kuifungua kwa bisibisi na spana chache. Iliyopo inastahili kutunzwa, na matunzo yake yaanze kesho alfajiri, nje ya nyumba, kabla ya gia ya kwanza.