Sombe ya kilio haianzi saa nne asubuhi

KINDU, Maniema. – Kamati ya kilio inaketi. Inahesabu mahema, viti vya kukodi, jenereta, vipaza sauti, maji, sukre na pombe. Inahesabu mbuzi na magunia ya mchele. Mwisho kabisa, wakati watu wameanza kusimama, mmoja anauliza: na mboga? Jibu liko tayari: wamama watajua. Sombe itapatikana.

Hiyo "itapatikana" ndiyo shida. Katika Kindu nzima, kuanzia Kasuku hadi Mikelenge na ng'ambo ya mto kule Alunguli, hakuna mkusanyiko bila sombe. Kilio, arobaini, maulidi, ndoa, ubatizo, kupokea mgeni mkubwa: wali au bugali upo, na sombe iko pembeni. Nyama inaweza kukosekana na watu wakasamehe. Sombe ikikosekana, jamaa itasemwa mwaka mzima. Lakini chakula hicho ambacho kila mtu atakula ndicho kinachopangwa mwisho, kinapewa pesa zilizobaki, na kinapikwa kwa saa zilizobaki.

Majani yanaletwa saa nne asubuhi. Wageni wanatakiwa kula saa saba. Katikati ya saa hizo tatu, wanawake wanaambiwa watoe mboga ya watu 200. Wanafanya wanachoweza: majani yanapitishwa kwenye mashini mara moja tu, yanatoka mapande mapande, yanatupwa ndani ya maji yanayochemka, kijiko cha bikarbonate kinafuata ili yalainike upesi, mafuta ya mawese yanamiminwa juu, basi. Sahani inakuwa na rangi nzuri. Wageni wanasifu. Hakuna anayeuliza kama sombe hiyo imeiva kweli.

Ni lazima ulizo hilo liulizwe, maana majani ya muhogo si lengalenga wala matembele. Lengalenga ukiipika nusu, utakula mboga ngumu kidogo. Muhogo una sumu ndani ya majani yake, kama ilivyo ndani ya mizizi yake. Ndani ya jani kuna kitu ambacho wataalamu wanakiita linamarini. Jani likiwa zima, linamarini imekaa peke yake. Jani likipondwa, inakutana na kimeng'enya cha jani lenyewe, inavunjika, na mwishowe inatoa sianidi. Sianidi hiyo ni nyepesi sana: inageuka mvuke kwenye joto la digrii 26 hivi, yaani joto la kawaida la mchana wa Kindu. Ikishatoka ndani ya jani, upepo na moto vinaiondoa.

Hapa ndipo watu wengi wanajidanganya. Wanadhani moto ndio unaotoa sumu. Moto unaondoa sianidi iliyokwisha kutoka. Linamarini yenyewe haiogopi maji ya moto. Inaweza kuchemka na kubaki. Kinachoivunja ni kile kimeng'enya, na kimeng'enya kinakufa kikiingia kwenye maji yanayochemka. Kwa hiyo majani yaliyopondwa nusu-nusu na kutupwa haraka katika maji ya moto yamenyimwa dawa yao wenyewe. Kazi kubwa ya kusafisha sombe inafanyika katika kinu, kabla sufuria haijaguswa. Mama wazee waliokuwa wanapiga mikono ya wasichana wanaotwanga kwa uvivu hawakujua jina la linamarini, lakini kazi waliijua.

Bikarbonate, je? Inalainisha jani, na inafanya rangi ibaki kijani. Lakini ulaini si ushahidi kwamba jani lilitwangwa vizuri. Mpishi anayebonyeza jani kati ya vidole, akaona limelainika, akasema limeiva, amedanganywa na ule unga mweupe. Zaidi ya hayo, bikarbonate inaharibu sehemu ya vitamini zilizomo, hasa vitamini B1. Jamaa inaokoa saa moja, na inapoteza kile kilichofanya sombe iitwe chakula chenye nguvu.

Wengine watajibu kwamba babu na bibi walikula sombe maisha yao yote na hawakufa. Ni kweli, na jibu liko humo humo: walikula sombe iliyotwangwa. Tena walikula sombe ya nyumbani. Mama anayepika kwa watoto wake anakwenda kwenye shamba lake, anajua mche upi ni mtamu na upi ni mchungu, anachuma majani machanga ya juu. Sombe ya kilio haina shamba moja. Fungu moja limetoka sokoni, lingine limevuka Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli, lingine limeletwa na jirani kama rambirambi, lingine limekuja kwa velo kutoka kijijini. Yote yanamwagwa pamoja. Muhogo mchungu una sumu nyingi kuliko mtamu, na katika rundo hilo hakuna anayeweza kutenganisha. Kwa hiyo mkusanyiko mkubwa unahitaji uangalifu kuliko jikoni ya nyumbani, na ndio unaoupata kidogo.

Kuna jambo lingine, na hili linapaswa kuwauma wanaogawa chakula. Mwili wa binadamu una njia yake ya kupambana na sianidi kidogo inayobaki: unaigeuza kuwa kitu kisicho na nguvu kubwa ya kudhuru. Ili kufanya hivyo unahitaji protini nzuri, ile ya nyama, samaki, mayai, maharagwe. Sasa angalia sahani zinavyogawiwa. Nyama inakwenda kwa wazee, kwa viongozi, kwa wakwe waliotoka mbali. Watoto wanaokaa nyuma ya nyumba wanapata wali na sombe tupu. Wanawake waliopika tangu asubuhi, pengine mmoja ana mimba na mwingine ananyonyesha, wanakula ukoko na sombe iliyobaki chini ya sufuria. Yaani wale ambao miili yao ina kinga ndogo ndio wanaopewa sehemu kubwa ya mboga iliyopikwa kwa haraka.

Kongo inajua muhogo usiotengenezwa vizuri unaweza kufanya nini. Kule Kwango, katika mwaka wa 1938, daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa ambao Wayaka wanauita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu anaamka akiwa hawezi kutembea sawasawa, na hali hiyo haiponi. Konzo inatokana zaidi na mizizi ya muhogo mchungu isiyolowekwa muda wa kutosha, kwa watu wanaokula hivyo wiki kwa wiki bila protini. Sahani moja ya sombe kwenye ndoa si konzo, na hakuna sababu ya kutisha watu. Lakini somo ni lile lile: katika njaa na haraka, watu walipunguza siku za kuloweka, na waliolipa zaidi ni wanawake na watoto. Kindu haina njaa ya namna hiyo siku ya ndoa. Ina haraka tu, na haraka hiyo inatoka kwa kamati.

Hesabu yenyewe inaonyesha wazi. Wageni 200, kila mmoja gramu 150 za sombe iliyoiva, ni kilo 30. Ukiondoa mafuta, maji, vitunguu, ntula na karanga, lazima kutafuta kilo 20 hivi za majani yaliyokwisha kutolewa vijiti. Kinu cha kawaida kikipokea kilo moja kwa mara moja, na kilo hiyo ikitwangwa dakika 20 mpaka iwe laini kabisa, ni dakika 400. Kwa kinu kimoja, kuanzia saa nne asubuhi, kazi ya kutwanga peke yake inamalizika saa kumi na dakika arobaini mchana. Sufuria bado haijawekwa motoni, na wageni walitakiwa kula saa saba. Kwa vinu vinne ni saa moja na dakika arobaini, kama hakuna anayepumzika. Kamati ambayo haijafanya hesabu hii imeshaamua kwamba majani hayatatwangwa, hata kama haikusema.

Kutakuwa na wenye kulalamika juu ya makala. Bei imepanda, na sufuria kubwa inakula gunia. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini yanaelekea mahali pabaya. Sombe iliyotwangwa laini inaiva upesi kuliko mapande ya mashini. Kinu kinapunguza makala. Anayekata kazi ya kinu ili kuokoa saa atailipia kwenye moto, au atatafuta bikarbonate.

Mashini si adui. Mikono ya mama nayo ina haki ya kupumzika. Lakini majani yapitishwe mara mbili, mpaka yawe kama uji mzito, na mashini ioshwe kabla. Halafu yatandazwe wazi kwenye beseni pana, yapumzike kabla ya kuona moto. Pumziko hilo halina gharama yoyote, na ndilo linalosahauliwa zaidi.

Namna nzuri inajulikana. Majani yachumwe jioni ya siku iliyotangulia, yatwangwe jioni ile ile wakati jua limepoa. Yaliyotwangwa yakae wazi wakati mengine yanaendelea kutwangwa. Usiku yachemshwe mara ya kwanza kwa maji mengi, sufuria ikiwa wazi, mahali penye upepo, si ndani ya jikoni iliyofungwa. Maji hayo ya kwanza yamwagwe. Ni kweli yanachukua sehemu ya vitamini, lakini kwa rundo la majani yasiyojulikana yalikotoka, ni bei inayokubalika. Asubuhi sombe irudi motoni na maji mapya, ichemke tena vizuri, ndipo vitunguu, ntula, pilipili na mafuta ya mawese vinaingia. Karanga na ndakala viingie siku hiyo hiyo ya kula, si usiku, maana katika joto la Kindu chakula chenye samaki hakilali salama nje. Chumvi mwishoni. Hapo wageni wakila saa saba, wanakula sombe kweli.

Hayo yote yanahitaji watu, na hapa wanaume wa Kindu waambiwe bila kuzungushwa. Kwenye kilio, vijana wanaume 20 wanakaa chini ya hema tangu asubuhi wakicheza karata na kungoja sahani. Nyuma ya nyumba, wanawake sita wanatwanga kwa ajili ya watu 200, na wawili kati yao ndio waliofiwa. Hakuna desturi ya Maniema inayosema mkono wa mwanaume utavunjika ukishika mchi. Vijana hao hao wanabeba mifuko ya saruji pale kwenye gari-moshi na kusukuma mitumbwi mtoni. Dakika 20 kwa kila mmoja, kwa zamu, na kilo 20 zimekwisha bila mtu kuumwa mgongo.

Na pesa. Sombe haina mstari wake kwenye karatasi ya kamati. Inalipwa kutoka kwenye "vitu vidogo vidogo", pamoja na kiberiti na sabuni. Pesa zikipungua, mama mkuu wa jikoni anatoa kwenye kitambaa chake mwenyewe, na hakuna anayemrudishia. Jamaa inayoweza kukodi vipaza sauti vya kusikika mpaka ng'ambo ya mto inaweza kulipia vinu vinne, kuni za usiku na chai ya wanaotwanga. Kama pesa ni moja, vipaza sauti vipunguzwe. Marehemu hatalalamika, na majirani watashukuru.

Mboga hii Wakinshasa wanaiita pondu, Watanzania wanaiita kisamvu, Burundi na Rwanda wanaiita isombe. Kokote huko inaanza na kinu. Muhogo wenyewe ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno kwenye pwani ya magharibi katika karne ya 16, na watu wa hapa ndio waliojifunza, kizazi kwa kizazi, jinsi ya kula jani lake bila kudhurika. Elimu hiyo haikuandikwa mahali. Iko katika mikono ya mama waliotwanga. Kila kilio ambacho wasichana wanaona majani yanatupwa mazima-mazima katika maji ya moto na bikarbonate, wanajifunza hiyo, nao watawafundisha watoto wao.

Kwa hiyo mkutano ujao wa kamati, uwe wa kilio au wa ndoa, wa kanisani au wa msikitini, uanze na maulizo matatu kabla ya mahema: nani ataleta majani jioni, nani atatwanga, na nani atakesha na moto? Majina yaandikwe, na nusu ya majina hayo yawe ya wanaume. Mama mkuu wa jikoni naye apewe neno la mwisho juu ya saa ya kula. Akisema sombe bado, mwenye kushika kipaza sauti awaambie wageni wangoje.