Elimu Isifungiwe Sandukuni

Wako waalimu wenzetu wasemao kwamba fizikia ya nadharia, yaani elimu itafutayo kwa fikira na hesabu sheria ziongozazo vitu vyote, si chakula cha watu wa shamba. Mkulima akiuliza kwa nini mwezi hauanguki, hujibiwa, "Hayo ni ya mabingwa." Jawabu hili twalikataa. Si heshima kwa elimu, bali ni choyo; na mara nyingi ni sitara ya mwalimu asiyejua.

Na tumtazame Michael Faraday wa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1791, mwana wa mhunzi, naye akafundishwa kazi ya kujalidi vitabu. Shule hakuipata ila kidogo. Lakini alivisoma vitabu alivyovijalidi, na mwaka 1812 mteja mmoja wa duka akampa tikiti za kwenda kumsikiliza Humphry Davy, bingwa aliyefundisha mbele ya watu wasio mabingwa mjini London. Kijana akaandika aliyoyasikia, akayajalidi, akampelekea Davy. Na mwaka 1813 akapata kazi kwake. Mwaka 1831 huyo huyo alivumbua ya kuwa sumaku ikisogezwa ndani ya mzingo wa waya huzaa umeme. Hesabu za juu hakuzijua. Alifikiri kwa picha za mistari izungukayo sumaku. Baadaye James Clerk Maxwell akazitia picha zile katika hesabu, na katika miaka ya 1860 akaonyesha ya kuwa nuru yenyewe ni wimbi la umeme na sumaku. Je, mlango ule wa mwaka 1812 ungalifungwa, Maxwell angalizipata wapi picha zile?

Tena mwaka 1857 Faraday alimwandikia Maxwell, akamwuliza kama wenye hesabu, wakiisha kupata majibu yao, hawawezi kuyasema pia kwa maneno ya kila siku. Ombi hilo ni haki, wala halijazeeka.

Atasema mtu, "Ukirahisisha, waharibu." Twamjibu: aharibuye ni yule asemaye uongo, si yule asemaye wazi. Albert Einstein mwenyewe alitoa kitabu mwaka 1917 kwa ajili ya watu wasiojua hesabu za juu. Basi watoto wanne na washike shuka kwa pembe zake, jiwe liwekwe katikati, na ndimu ibingirishwe: njia yake itapinda. Hivyo waweza kuwaonyesha kidogo alilofundisha Einstein mwaka 1915, ya kuwa jua huipinda nafasi iliyo karibu nalo. Kisha mwalimu aseme bila kuficha, "Shuka ni mfano tu, mbingu si kitambaa." Mfano wenye mpaka hauharibu mtu.

Wala neno hili halikubaki katika mifano. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipopatwa, Arthur Eddington alikuwa katika kisiwa cha Principe, upande wa magharibi wa Afrika yetu, na wenziwe walikuwa Sobral, nchi ya Brazil. Walipiga picha za nyota zilizoonekana karibu na jua, wakapima, wakaona nuru yake imepinda karibu na kiasi kile alichokitaja Einstein.

Mwingine atasema, "Nadharia haijazi chungu." Mtu huyu na aitazame simu yake imwonyeshayo njia. Saa zilizo katika satelaiti hukimbia kupita saa za duniani kwa kadiri ya sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Zisiporekebishwa kwa hesabu za Einstein, njia ingekosewa kwa kilomita zipatazo 10 kwa siku moja. Lakini hata kama faida hiyo isingekuwapo, je, mwanadamu ni tumbo tu? Aliyeinua macho usiku akastaajabu amekwisha kuanza kusoma. Kumfukuza ni dhuluma.

Ndugu waalimu, tusione haya kusema, "Sijui, na tutafute pamoja." Haya ya kweli ni kuiweka taa chini ya pishi, kisha kuwalaumu watu kwamba wapenda giza. Mtoto wa mhunzi yumo katika kila kijiji. Asiyempa tikiti hajui amemzuia nani.