Usimuuzie mwenzako ufa uliopaka rangi

Jirani yetu mmoja hapa Kadutu alinunua nyumba mwaka jana. Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza, ukuta wa chumba cha watoto ukapasuka. Kufika Noeli, mkono wa mtu mzima uliingia ndani ya ufa, na mlango ulikataa kufunga. Sasa anaiuza. Anataka kuhamia mahali pa tambarare, hata kama ni vyumba viwili vya kupanga. Watu wa avenyu wanamcheka: «Nyumba haijatimiza mwaka, tayari unaikimbia?»

Mimi simcheki. Mzazi anayewatoa watoto wake mahali pa hatari amefanya vizuri. Kinachonisumbua ni shauri alilopewa na komisionere: aweke simenti juu ya ufa, apige rangi, kisha angojee kiangazi ndipo alete wanunuzi.

Ndugu zangu, udongo wa Bukavu tunaujua. Kule Funu ardhi inatembea polepole, nyumba zikiwa juu yake. Mwaka 2022 watafiti walitoa kazi yao kuhusu Funu, wakionyesha kwamba mwendo huo umeongezeka kadiri mji ulivyojengwa. Maji ya mabati yetu, ya mifereji na ya mabomba yaliyopasuka yanaingia udongoni na kuusukuma. Rangi haizuii hayo.

Najua jibu la jirani: «Nikisema ukweli, nitapoteza pesa ya miaka mingi.» Ni kweli, atapoteza. Lakini yeye pia aliuziwa na mtu aliyenyamaza. Akinyamaza naye, mwingine atalipa deni lile lile, na pengine atalilipa usiku, mvua ikinyesha. Tena sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo tungali tunaitumia, inamtaka muuzaji ajibu kwa kasoro alizozificha.

Kuna njia nyingine. Abomoe nyumba, auze mabati, mbao, milango na madirisha. Vitu hivyo vina soko kila siku. Kiwanja apande miti. Hatapata bei aliyonunulia, lakini ataondoka na kitu mkononi na atalala usingizi.

Na wewe unayetafuta nyumba, usiende siku ya jua peke yake. Rudi mvua ikinyesha, uone maji yanapita wapi. Fungua na ufunge kila mlango. Tazama kama nguzo za umeme na miti vimeinama. Zungumza na mama wa nyumba ya pili, maana yeye halipwi komisio. Karatasi za kiwanja ni za lazima, lakini karatasi haishikilii udongo.

Jirani, hama kwa amani. Ila kumbuka chumba kile cha watoto: atakayeinunua nyumba naye atalaza wake humo.