Taja Ramani Kwanza

Makala nyingi za toleo hili zinahusu jenomu, na waandishi wake karibu wote wametumia kivinjari cha jenomu, programu iliyozoeleka tangu Jim Kent na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walipoweka rasimu ya jenomu ya binadamu kwenye intaneti mwaka 2000. Ukiifungua, kromosomu imelazwa kwa mstari, na chini yake zimepangwa safu za taarifa: jeni, tofauti za vinasaba baina ya watu, sehemu tunazofanana na wanyama wengine. Kinachozishikanisha safu hizo ni namba ya mahali. Na namba isiyotaja ramani yake, yaani toleo la jenomu ya marejeo ilimohesabiwa, haimsaidii msomaji hata kidogo.

Tuchukue selimundu, ugonjwa tunaoujua vizuri Afrika Mashariki. Chanzo chake ni herufi moja iliyobadilika ndani ya jeni ya HBB, kwenye kromosomu 11. Katika ramani ya GRCh37, iliyotolewa mwaka 2009, herufi hiyo ni ya 5,248,232. Katika GRCh38, ya mwaka 2013, ni ya 5,227,002. Herufi haijahama, ramani ilisahihishwa, hesabu ikabadilika. Sasa iingize namba ya zamani kwenye ramani mpya. Programu haitakuonya. Itakupeleka jirani kabisa na HBG1, jeni ya hemoglobini ya mtoto aliye tumboni, ambayo nayo hutajwa sana katika tiba ya selimundu. Mtafiti mwenye haraka ataona jina analolifahamu, ataridhika, na ataendelea na kazi akiwa amepotea. Hilo ndilo linalonitia hofu: kosa linalofanana na jibu sahihi.

Yapo na mengine. Faili moja huandika “chr11”, jingine “11” tu, na baadhi ya programu zitakuonyesha safu tupu ukadhani hakuna data. Mafaili ya BED huanza kuhesabu kwenye sifuri, ya GFF kwenye moja.

Wapo watakaosema kuna programu za kuhamisha namba kutoka ramani moja hadi nyingine. Zipo, na ni nzuri, lakini lazima uziambie unatoka ramani ipi. Aliyeficha jina la ramani amemfungia mwenzake mlango huo pia.

Tena ramani zinaongezeka. Mwaka 2022 ilitangazwa T2T-CHM13, iliyojaza takriban asilimia 8 iliyokuwa imebaki bila kusomwa. Mwaka 2023 ikaja rasimu ya ramani ya pamoja iliyotokana na watu 47. Tunazihitaji, kwa sababu takriban asilimia 70 ya ramani tuliyoizoea ilitoka kwa mtu mmoja, na mtu mmoja hawezi kuwakilisha Waafrika wote, wala binadamu wote.

Kwa hiyo, kuanzia toleo lijalo, hatutapokea makala yenye namba za kromosomu bila jina la ramani, toleo lake, na namna ya kuhesabu iliyotumika. Waandishi wetu, tunawaomba mliandike hilo katika aya ya kwanza ya mbinu za utafiti.