Bosi Amefunga TikTok Ofisini na Neti Bado Inakokota? Cheki Shida Iko Wapi

Kuna beshte yangu alipewa barua ya onyo kazini juu ya neti. Anafanya kwa ofisi ndogo ya wahasibu hapa town, watu 8 wanagawana laini moja ya Mbps 10. Ilikuwa tarehe 20, siku ya mwisho ya kupeleka ritani za VAT, na iTax ilikuwa inazunguka tu. Bosi akaingia kwa rauta, akaona lapi ya jamaa imevuta GB 3 asubuhi hiyo, akaamua huyu alikuwa YouTube. Kumbe ni Windows ilikuwa inajiapdeti yenyewe!

Piga hesabu. GB 3 kwa laini ya Mbps 10 ni dakika 40 hivi za laini nzima, hata kama hakuna mwingine amegusa neti. Na ritani ya VAT ikichelewa faini ni Sh10,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa. Kwa hivyo hasira za bosi naziskia kabisa. Penye nakataana naye ni dawa aliyochagua. Kesho yake alifunga YouTube, TikTok, Facebook na Instagram kwa kila mtu, hadi kwa msee wa mauzo ambaye kazi yake ni kujibu wateja huko Facebook. Wiki ikaisha, neti bado inakokota.

Tusidanganyane, kuna watu hukuja job kuangalia siris. Video moja safi ya 1080p hula karibu Mbps 5, so wawili wakiangalia kwa wakati mmoja, hao wengine 6 wanabaki kutazamana. Lakini ukiwafungia, unadhani wataanza kuchapa kazi? Wanatoa simu, wananunua bando, wanaendelea na episodi ya pili. Uvivu ni shida ya msimamizi, rauta haiwezi kuutibu.

Halafu kuna VPN. Novemba 2024 Telegram ilipofungwa wakati wa KCSE, Wakenya wengi walijifunza VPN kwa siku moja, na hiyo elimu haijaenda mahali. Msee akifungiwa ofisini anadownload yoyote ya bure anayopata, anaiweka kwa lapi yenye PIN za KRA na paswedi za wateja. Sasa trafiki yote inapitia kwa kampuni ambayo hata hajui iko nchi gani. Hapo bosi amebadilisha shida ndogo na ngori kubwa.

Ofisi ya watu 8 haihitaji mitambo ya benki. Rauta nyingi za kawaida ziko na waifai ya wageni: simu zote ziende huko, zipewe kipimo chao, kompyuta za kazi zibaki kwa laini kubwa. Hii peke yake husaidia sana, kwa sababu simu 8 zikiingia asubuhi na zote zianze kupandisha picha za wikendi kwa Google Photos, laini imeisha kabla chai haijafika. Windows nayo iko na mahali pa kupunguza spidi ya apdeti, na unaweza kuiambia mashine zigawane apdeti humo ndani ya ofisi, si kila moja ivute yake kutoka nje. Kama rauta inakubali kupanga nani aanze, kompyuta ya iTax na eTIMS iwe ya kwanza kwa foleni.

Kuna vitu vya kufunga pia, sikatai. Ukiweka DNS ya Cloudflare ya 1.1.1.3 kwa rauta, saiti za virusi na za ngono zinakatwa bila kulipa chochote. Hapo hakuna mtu atapiga kelele, labda mmoja, na huyo atanyamaza kimya. Lakini usijisumbue kufungia simu za watu kwa kutumia anwani ya MAC. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hujitungia anwani ya bandia kwa kila waifai.

Sasa wewe uliyeajiriwa, ujue rauta inaona nini. Kwa saiti nyingi za siku hizi inaona jina la saiti na data uliyovuta. Haioni video gani, wala ulichoandikia dem wako. Programu ya kupiga picha skrini yako ndiyo inaona kila kitu, na bosi hawezi kukuwekea hiyo chini ya maji. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinasema unafaa kuambiwa data yako inakusanywa na ya nini. Akikataa, kuna ofisi ya Kamishna wa Data, na malalamishi yanafaa kuamuliwa ndani ya siku 90. Na kabla hajakufuta kwa madai ya utovu wa nidhamu, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamlazimu akueleze kosa na akusikize, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama. GB 3 kwa rauta, bila swali hata moja, haitoshi.

Beshte yangu hakuenda kortini. Alifungua rekodi ya apdeti kwa lapi yake, akapiga picha ile tarehe na saa, akaiambatanisha na majibu ya barua. Onyo likaondolewa kwa faili. YouTube bado imefungwa lakini, na nasikia yule jamaa wa mapokezi ameanza kuuza hotspoti, mbao kwa saa.