Majigambo ya magari ya Marekani na hukumu ya uwanja

Mwaka 2025 kampuni mbili kongwe za magari za Marekani, Ford na General Motors, zilitambiana ugenini. Mahali palipochaguliwa ni Nürburgring huko Ujerumani, njia ya kilomita 20.832 inayopanda na kushuka vilimani, ambayo watengenezaji wa magari ya kasi wameifanya mizani yao. Ford ilikuwa imetangulia. Mwaka 2024 Mustang GTD yake iliumaliza mzunguko kwa dakika 6 na sekunde 57.685, kisha ikarudi na kuumaliza kwa dakika 6 na sekunde 52.072. General Motors ikajibu kwa Corvette mbili: ZR1 iliyotumia dakika 6 na sekunde 50.763, na ZR1X iliyotumia dakika 6 na sekunde 49.275. Aidha, kampuni hiyo haikusahau kuutangazia ulimwengu kwamba walioshika usukani walikuwa wahandisi wake yenyewe, wala si madereva wa mashindano. Msomaji aliyesoma fasihi simulizi ataitambua mara moja sauti hiyo. Ni majigambo.

Silitumii neno hilo kwa dharau. Majigambo ni utanzu wenye heshima yake, nasi walimu huufundisha kila mwaka. Mwenye kujigamba huyatia chumvi matendo yake, na hadhira humkubalia kwa kuwa inazijua kanuni za utanzu. Hakuna aliyewahi kumshtaki shujaa kwa kudai kwamba alimkamata simba kwa mkono mmoja. Tatizo huzuka pale majigambo yanapochapishwa katika karatasi ya kuuzia bidhaa, na mnunuzi akayasoma kama maelezo ya bidhaa yenyewe. Hapo lugha yaweza kumtia mtu hasara, na hata kumtumbukiza hatarini.

Yafaa kwanza nieleze hatari hiyo inatokea wapi, kwani huku kwetu mchezo wa magari tunaujua zaidi kwa vumbi na matope ya Safari Rally. Marekani kuna desturi nyingine. Raia wa kawaida, awe mhasibu au daktari wa meno, hulipa ada na kulipeleka gari lake mwenyewe kwenye kiwanja cha mzunguko chenye lami, kama vile Laguna Seca huko California, Road America huko Wisconsin au Virginia International Raceway. Magari hukaguliwa asubuhi. Madereva hugawanywa makundi kwa kadiri ya ujuzi wao, na asiyekuwa mzoefu huketi na mkufunzi kando yake. Kisha kila kundi huingia uwanjani kwa zamu ya dakika 20 au 30, mara kadhaa kwa siku. Hakuna kikombe wala mshindi. Miongoni mwa vyama vinavyoandaa siku hizo kimo Sports Car Club of America, na kingine kiitwacho NASA, ambacho hakina uhusiano wowote na roketi. Jioni mtu hurudi nyumbani kwa gari lile lile, na kesho yake akaenda nalo kazini.

Sasa tulitazame neno. Katika Kiswahili tukisema "gari la mbio" tunakuwa na maana mbili ambazo hatuzitenganishi: gari lenye kasi, au gari lililoundwa kwa ajili ya mashindano. Kihusishi cha -a hubeba sifa, na hubeba kusudi pia. Linganisha "maji ya moto" na "maji ya kunywa". Kiingereza cha matangazo ya Marekani kina utata unaokaribiana na huo, kwani neno lao la uwanja laweza kumaanisha kiwanja chenye kona nyingi, na laweza kumaanisha kijia kilichonyooka cha mita 402 ambapo magari mawili hushindana kwa sekunde chache tu. Dodge ilipotoa Challenger SRT Demon 170 mwaka 2023, ilikuwa na nguvu za farasi 1,025, na ilikuwa gari la mbio pasi na shaka yoyote. Lakini ni mbio za kijia kilichonyooka, na Dodge haikuficha jambo hilo. Gari lenye uzito wa takriban tani 2 halipendi kona. Uzalishaji wa Challenger ulikoma mwishoni mwa mwaka huo huo, na simlaumu aliyeililia. Namwomba tu asiipeleke Laguna Seca akitarajia furaha ya siku nzima.

Kwani hukumu ya uwanja wa mzunguko haitolewi na kasi. Hutolewa na joto. Chukua gari la kilo 1,700 linaloufikia mwisho wa sehemu iliyonyooka likiwa na kasi ya kilomita 240 kwa saa, na ambalo sharti lipunguze hadi 80 ili liingie konani. Nishati ambayo breki hulazimika kuimeza kwa sekunde chache hizo inatosha kuyafikisha kwenye mchemko maji yapatayo lita 10 yaliyotoka bombani. Fanya hivyo mara mbili au tatu katika kila mzunguko, kwa dakika 20 mfululizo. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya. Yakiisha kunyonya unyevu wa hewa, kima hicho hushuka hadi 140. Yanapochemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea. Dereva hukanyaga breki, mguu ukazama hadi sakafuni, na gari likaendelea na safari yake. Hapo nguvu za farasi, hata zikiwa 1,000, huwa si msaada kwa mtu.

Injini, gia na difu nazo huchemka. Zikizidi kiasi, kompyuta ya gari hupunguza nguvu ili kuziokoa, na hali hiyo Wamarekani huiita kwa neno lenye maana ya kuchechemea. Ni msamiati mwafaka, na umewahi kufika mahakamani. Mwaka 2017 baadhi ya wanunuzi wa Shelby GT350 ya mwaka 2016, ambayo ni Mustang yenye nguvu za farasi 526, walifungua kesi dhidi ya Ford katika mahakama ya shirikisho huko Florida. Walidai kwamba waliuziwa gari lililotangazwa kuwa la uwanjani, ilhali matoleo mawili ya bei ya chini hayakuwa na vifaa vya kupozea mafuta ya gia na ya difu, hivyo yakawa yanachechemea baada ya muda mfupi uwanjani. Mwaka uo huo wamiliki wa Corvette Z06 waliishtaki General Motors kwa madai yanayofanana na hayo. Kampuni zote mbili ziliyapinga madai. Hata hivyo, Shelby ya mwaka 2017 ilitoka kiwandani ikiwa na vipozeo hivyo katika kila toleo, na Z06 ya mwaka huo ikapewa boneti yenye matundu makubwa zaidi ya kutolea joto.

Sheria ya Marekani inayatambua majigambo ya kibiashara. Muuzaji akisema bidhaa yake ni bora kuliko zote ulimwenguni, kauli hiyo haihesabiwi kuwa ahadi, maana hakuna mtu mwenye akili timamu anayetarajiwa kuitegemea. Je, "gari la uwanjani" ni majigambo au ni ahadi? Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu wa semantiki swali hili, nao wakagawanyika. Baadhi walishikilia kwamba mnunuzi asiyesoma orodha ya vifaa amejitakia mwenyewe. Hoja yao si dhaifu, kwani orodha ilikuwapo na ilisema kweli. Lakini mimi nahesabu kauli hiyo kuwa ahadi, kwa sababu yaweza kupimwa. Ubora kuliko wote haupimiki. Dakika 20 bila kuchechemea zinapimika kwa saa ya mkononi.

Ajabu ni kwamba viwanda hivyo hivyo vina lugha nyingine, isiyojigamba hata kidogo. Ni lugha ya misimbo katika fomu ya kuagizia. Mwaka 1963, wakati General Motors ilipozipiga marufuku idara zake kujihusisha na mashindano, mhandisi Zora Arkus-Duntov aliyaingiza maandalizi ya mashindano katika Corvette kupitia fomu, yakiwa na breki kubwa zaidi, chini ya msimbo mkavu: Z06. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukatokea msimbo wa 1LE wa Camaro. Haukutangazwa kwa mbwembwe. Aliyeagiza ekseli ya aina fulani na kukubali kuishi bila kiyoyozi ndiye aliyepewa breki za mashindano. Mnunuzi alilazimika kujua anachokitaka. Tangu hapo misimbo hiyo imepanda cheo. Z06 leo ni jina linalobandikwa kwenye bodi na kutamkwa kwa fahari, yaani nayo imejiunga na majigambo. Wanaisimu tunaujua mwendo huu wa maneno, ijapokuwa ni nadra kuuona ukitokea kwa tarakimu.

Basi ni gari lipi kati ya haya lililotimiza ahadi yake? Nikiyapima kwa joto, kwa bei na kwa uwazi wa maneno, naiweka mbele Camaro SS 1LE iliyotoka kuanzia toleo la mwaka 2017. Ilikuwa na injini ya lita 6.2 yenye nguvu za farasi 455, gia sita za mkono, breki za Brembo, matairi yanayonata lami, na vipozeo vya mafuta ya injini, ya gia na ya difu vikiwa ni sehemu ya kifurushi. Ilipozinduliwa bei yake ilikuwa chini ya dola 45,000. Mapungufu yake yanajulikana. Madirisha yake ni finyu kana kwamba dereva amekaa ndani ya sanduku la barua, na viti vya nyuma ni vya mapambo. Lakini ulichosomewa dukani ndicho ulichokipata uwanjani. Ndugu yake mkubwa, ZL1 1LE, aliumaliza mzunguko wa Nürburgring mwaka 2017 kwa dakika 7 na sekunde 16.04. Mwaka 2025 Corvette Z06 ya kizazi kipya, yenye injini katikati na gia za kujibadilisha, ilitumia dakika 7 na sekunde 11.826. Sekunde nne na ushei, kwa gari la zamani lenye injini mbele na klachi ya kukanyagwa!

Corvette ya kawaida ya kizazi hiki, iliyoanza na toleo la mwaka 2020, naiweka ya pili, kwa sharti moja: mnunuzi aitamke Z51. Bila msimbo huo anapata gari zuri la barabarani lenye matairi ya misimu yote. Akiutaja, anapata breki kubwa zaidi, rejeta ya ziada, difu inayodhibitiwa kwa kompyuta, matairi ya kasi na nguvu za farasi 495. Kuwekwa kwa injini nyuma ya dereva kumelifanya liwe jepesi wa kugeuka kuliko Corvette zote zilizolitangulia. Walioipenda gia ya mkono hawana bahati, kwani hakuna. Mimi naona ni hasara kwa mwanafunzi wa uwanjani, anayepaswa kujifunza kufikiri kwa mikono na miguu yote, wapo watakaonicheka.

Mustang Dark Horse, iliyotoka na toleo la mwaka 2024, inakuja ya tatu, si kwa udhaifu bali kwa uzito, kwani inakaribia tani 1.8. Ina nguvu za farasi 500, yaweza kuagizwa na gia sita za mkono, na vipozeo vilivyozua kesi ya Shelby sasa vinakuja nayo. Hayo ni maendeleo, na ni haki kuyasema. Kuhusu GTD ya Nürburgring sina la kumwambia mwalimu wala mwanafunzi: bei yake ni takriban dola 325,000, na rekodi yake ni ya mzunguko mmoja usiofika dakika 7.

Kwa Wakenya lipo jambo moja la karibu. Sisi huendesha upande wa kushoto, na kwa miongo mingi magari haya yalikuwa picha za kutani tu. Mustang ilianza kutoka kiwandani ikiwa na usukani wa kulia katika kizazi cha mwaka 2015, na Corvette ikafuata kwa mara ya kwanza katika historia yake kwa kizazi hiki cha sasa. Camaro haikupata kuundwa hivyo kiwandani, na sasa haitapata, kwani toleo lake la mwisho lilikuwa la mwaka 2024. Lile niliyoliweka mbele, kwa hiyo, halinunuliki tena likiwa jipya hata huko Marekani. Lililobaki ni la mitumba, na muuzaji wa mitumba naye ana majigambo yake.

Muhula ujao nitawapa wanafunzi karatasi mbili kwa pamoja, tangazo la Mustang na fomu ya kuiagizia. Watatakiwa kupigia mstari kila kauli inayoweza kupimwa uwanjani, na kueleza kwa nini nyingi ya mistari yao imeangukia karatasi isiyo na picha.