Fundi amefanya yake, barabara je?

Lori linalotoka Bukavu lina maadui wawili: mawe ya mteremko wa Ngomo, njia ya Uvira, na matope ya njia ya Kamituga. Garajini, mafundi huongeza springi na kuinua bodi ili lipite njia zote mbili. Lakini dawa ya huku ni sumu ya kule. Gari lililoinuliwa hupinduka upesi mteremkoni. Tairi lililopunguzwa upepo halizami sana matopeni, ila mawe hulipasua ubavuni. Na juu ya mizigo wamekaa abiria.

Mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, upo tangu 2008, na wanunuzi wa mafuta huuchangia. Pesa hizo zionekane Ngomo na Kamituga, kabla mvua hazijarudi.